Shamba la Mbogani Halikuulizwa

Chini ya vilima vya Ngong, kusini-magharibi mwa Nairobi, ipo nyumba ya mawe iitwayo Mbogani, iliyojengwa mwaka 1912. Tangu siku hizo imepita mikononi mwa mhandisi, kampuni ya kahawa, mfanyabiashara wa viwanja, ofisa wa jeshi, warithi wake, na serikali mbili. Leo ni makumbusho, na wengi wanaoizuru wanafuata habari za mapenzi walizozisoma kitabuni au kuzitazama kwenye filamu. Mimi ningependa mtu anayetafuta shamba la kununua aende kuitazama kwa sababu nyingine. Tangu mwaka 1917 kila aliyeishika nyumba hiyo ameishika kwa fedha zilizotoka kwingine. Shamba lililoizunguka halikuilisha.

Ukiiona utaelewa kwa nini watu waliipenda. Kuta ni za mawe ya kijivu, paa ni la vigae vyekundu, na baraza ina nguzo. Ndani kuna kuta zilizofunikwa kwa mbao na mahali pa kuotea moto, maana usiku wa Ngong una baridi kali. Upande wa machweo unaona vilima vyenyewe, vile vilele vinavyofuatana. Mnunuzi akisimama hapo asubuhi, huku umande haujakauka, hawezi kuuliza swali gumu. Macho yamekwisha kukubali.

Aliyeijenga ni mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Alikuwa na mashamba ya kahawa, na kampuni yake iliuza ardhi kwa Wazungu waliokuwa wakimiminika nchini baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899. Miongoni mwa wanunuzi hao walikuwapo vijana wawili wa tabaka la mabwanyenye wa Skandinavia: Baroni Bror Blixen-Finecke wa Sweden na mchumba wake Karen Dinesen wa Denmark. Walifunga ndoa Mombasa Januari 1914, mara tu Karen alipowasili kwa meli.

Hapa ndipo funzo la kwanza lilipo, nalo lilitokea kabla bibi harusi hajalikanyaga shamba. Wawili hao walikuwa wameafikiana kufuga ng'ombe wa maziwa, na jamaa za Karen walitoa fedha kwa mpango huo. Bror alitangulia mwaka 1913. Alipofika Nairobi akakuta mazungumzo ya walowezi ni kahawa tupu, akasadiki, akageuza mpango, akanunua shamba la kahawa. Karen alishuka melini akakuta amekuwa mkulima wa zao ambalo hakuwahi kuliona mtini. Katika miaka ya vita, kampuni iliyoundwa kwa fedha za ukoo ikanunua shamba kubwa zaidi, lile lenye nyumba ya Sjögren, na mwaka 1917 wakahamia humo. Makumbusho inataja ekari 4,500, na kati ya hizo 600 zilikuwa za kahawa. Kampuni ikaitwa Karen Coffee Company. Mwenyekiti wake alikuwa mjomba wa Karen, Aage Westenholz, na wenye hisa walikuwa mama, wajomba, mashangazi na ndugu.

Ni mpango unaofanana mno na mipango ya kwetu. Kijana aliye ughaibuni anachangisha kaka na dada, au baba amepokea kiinua mgongo, au chama cha akina mama kimeweka akiba miaka mingi. Fedha zimekusanywa kwa lengo moja lililojadiliwa na kukubaliwa na wote. Kisha anayetumwa kununua anafika huko, anakutana na madalali, anasikia kwamba mwaka huu watu wanatajirika kwa parachichi, au matikiti, au sungura, na fedha za ng'ombe zinanunua kitu kingine. Wenye fedha wanapewa habari baada ya mkataba kutiwa saini. Aliyetumwa huenda si mwizi. Bror hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mchangamfu, mwindaji hodari, aliyependwa na wengi, na aliyeamini kabisa alichosikia mjini. Lakini kuamini kwake kuliwafunga watu waliokuwa maelfu ya kilomita mbali, ambao hawakuulizwa.

Sasa tuje kwenye udongo. Shamba lilikuwa kwenye mwinuko wa zaidi ya futi 6,000, yaani mita 1,800 na zaidi. Kwingine nchini kahawa huweza kustawi kwenye mwinuko kama huo, lakini pale palikuwa na mambo mengine. Upepo mkavu ulipanda kutoka nyanda za chini. Mvua ilikuwa ya kubahatisha. Usiku wa baridi kali, hasa kwenye mabonde ya shamba, vichipukizi na buni changa viligeuka rangi ya kahawia vikaharibika. Karen mwenyewe aliandika baadaye kwamba ardhi ile ilikuwa juu kidogo mno kwa kahawa, na kwamba hata miaka mizuri hawakupata mavuno kama ya wenzao wa Thika na Kiambu, mahali palipo chini zaidi. Neno lake ni "kidogo" tu, na hilo ndilo linalonisikitisha. Shamba baya kabisa humfukuza mtu mapema, akaondoka na nusu ya fedha zake. Shamba lililokosea kidogo humpa matumaini kila msimu. Mibuni inachanua, shamba zima linakuwa jeupe, mtu anapiga hesabu ya tani atakazopeleka sokoni London, kisha mvua inakatika na buni zinapukutika. Mwaka unaofuata maua yanarudi.

Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla haujazaa vya kutosha. Kwa hiyo mkulima anapogundua kwamba amekosea amekwisha kulipa kung'oa msitu, kupanda, kupalilia na kujenga kiwanda. Anajiambia kwamba hawezi kuacha baada ya kutumia vyote hivyo. Hesabu hiyo ndiyo iliyowamaliza wenye Mbogani. Fedha zilizokwisha kuzama hazirudishwi kwa kuzamisha nyingine, na linalostahili kuulizwa ni kama shilingi ya leo, ikiingizwa leo, itarudi na kitu. Kwa Mbogani jibu lilikuwa hapana karibu kila mwaka, na karibu kila mwaka fedha zilitumwa kutoka Denmark.

Mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliiweka rupia kwenye shilingi mbili za Kiingereza, ilhali hapo awali ilikuwa shilingi moja na peni nne. Kwa mkulima aliyekuwa na deni la rupia benki huku akiuza mazao yake kwa pauni London, deni liliongezeka kwa nusu bila yeye kukopa hata senti. Walowezi wengi waliumia. Mwaka 1921 Mjomba Aage alifika mwenyewe kukagua mambo, na akakubali shamba liendelee kwa sharti moja: Bror asiwe na mamlaka yoyote tena katika kampuni. Usimamizi ukabaki kwa Karen peke yake. Nduguye Thomas alikuja kumsaidia, naye akatia fedha zake. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliungua moto. Ndoa ikavunjwa rasmi mwaka 1925. Ukingoni mwa miaka ya ishirini wakaja nzige, na bei ya kahawa duniani ikaporomoka.

Baada ya moto ule palikuwa na nafasi ya kuacha, na baada ya ziara ya mjomba pia. Kilichowazuia, kwa maoni yangu, ni nyumba. Karen aliipenda kwa moyo wake wote. Alipokea wageni mezani kwa vyombo vya kioo na kaure, akafunza wapishi, akapanga vitabu. Alikuwa mwanamke jasiri, aliyelala macho kwa hesabu zisizokubali kulingana, na aliyewatibu wagonjwa mlangoni pake kila asubuhi. Simcheki. Lakini nyumba nzuri juu ya shamba lisilolipa hufanya kazi ya mdomo wa dalali kila siku: inamwambia mwenyewe kwamba mahali hapa pana ustawi, kwamba mtu anayeishi hivi hawezi kuwa amefilisika. Mgeni aliyekuja kula chakula cha jioni aliona ustawi. Daftari la mahesabu lilisema vingine, na daftari halikuwekwa mezani. Ndiyo maana nawasihi wanaonunua shamba lenye nyumba: kagueni shamba kana kwamba nyumba haipo. Ombeni mauzo ya mazao ya misimu mitano iliyopita, yakiwa kwenye stakabadhi na si kwa maneno. Pimeni udongo katika maabara ya kilimo kabla ya kulipa arubuni. Waulizeni majirani wanapata nini katika mwaka wa kiangazi. Na muulizeni anayeuza kwa nini anauza, kisha mtafute mtu mwingine wa kumuuliza swali hilohilo.

Majirani wa kuulizwa Mbogani walikuwapo, tena ndani ya shamba lenyewe.

Eneo lile lilikuwa mpakani mwa Wakikuyu na Wamaasai. Mwishoni mwa karne ya 19 lilipigwa na balaa mfululizo: sotoka iliyomaliza ng'ombe, ukame, ndui, na njaa kuu ya miaka ya 1898 na 1899. Watu wengi wa kusini mwa Kiambu walikufa au wakahamia kwa jamaa zao kaskazini. Wazungu walipopita wakaona mashamba yameota magugu, wakaandika kwamba ardhi haina mwenyewe. Sheria ya mwaka 1915 ikawezesha walowezi kupewa ardhi kwa mkataba wa miaka 999. Wenyeji waliorudi, au ambao hawakuwahi kuondoka, wakajikuta wanaitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa. Sheria ya mwaka 1918 ikawataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa, kulima kipande na kulisha mifugo.

Watu hao walipanda nini? Mahindi, maharage na viazi vitamu. Walifuga ng'ombe na mbuzi. Kahawa hawakuruhusiwa kuilima. Kwa sehemu kubwa ya Wakikuyu ruhusa hiyo ilikuja miaka ya hamsini tu. Vipande vyao vilikuwa kwenye udongo uleule, chini ya upepo uleule, na vililisha familia nyingi kwa miaka yote ambayo ekari 600 za kahawa zilikuwa zikila fedha za ukoo mzima wa Denmark. Jambo hili hupitwa haraka na wanaoisimulia habari ya Mbogani. Ardhi ile haikuwa mbaya. Iliombwa kisichokuwa chake. Jibu la nini kinachostawi pale lilikuwa likichemka vyunguni kila jioni, hatua chache kutoka barazani, na aliyekuwa na hatimiliki hakuwahi kulitumia. Hata ule mpango wa kwanza wa ng'ombe ulipata watu wa kuutekeleza: mahali palipo nyumba yao ya kwanza, Mbagathi, baadaye pakajulikana kwa jina la Ngong Dairy.

Karen aliwafahamu maskwota wake kuliko walowezi wengi walivyowafahamu wa kwao. Pembeni mwa nyumba palikuwa na meza iliyotengenezwa kwa jiwe kubwa la kusagia, na kiti cha jiwe nyuma yake. Hapo ndipo alipoketi kila alipokuwa na shauri na watu wa shamba. Aliandika kwamba huenda walimwona yeye kuwa skwota wa cheo cha juu kidogo kwenye ardhi yao, kwa kuwa wengi wao walizaliwa pale na baba zao kabla yao. Aliliona jambo hilo vizuri, kisha akaendelea kuwa mwenye shamba. Kitabu alichokitoa mwaka 1937, Out of Africa, kimependwa duniani kote, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikikosoa vikali kwa jinsi kinavyowachora Waafrika. Nadhani Ngũgĩ alikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo mtu akikisoma kama ushahidi wa mwenye shamba aliyefilisika, atakuta mengi ambayo mwandishi hakukusudia kuyafundisha.

Mwaka 1931 wenye hisa walichoka. Shamba likauzwa kwa mfanyabiashara wa ardhi aitwaye Remi Martin, aliyekuwa na macho ya aina nyingine. Hakutazama mibuni hata kidogo. Alitazama umbali kutoka Nairobi. Akaikata ardhi vipande vya ekari 20, akaviuza kwa watu waliotaka kuishi nje kidogo ya mji, na hivyo kikaanza kitongoji tunachokiita Karen. Kahawa iliyokwisha kuzikiwa fedha nyingi ikang'olewa kupisha majumba.

Miezi yake ya mwisho Karen aliishi humo akiuza samani moja baada ya nyingine, hata akabaki anaketi juu ya masanduku ya mizigo katika vyumba vitupu. Baadhi ya vitu vyake vilinunuliwa na mjane wa mlowezi aitwaye McMillan, na vikaishia katika maktaba yenye jina hilo mjini Nairobi. Mei ya mwaka huohuo mpenzi wake, Denys Finch Hatton, alikufa kwa ajali ya ndege Voi, akazikwa kwenye vilima vya Ngong. Karen akarudi kwa mama yake akiwa na umri wa miaka 46, hana fedha.

Lakini waliokuwa na la kupoteza zaidi ni maskwota. Kampuni ilipouza, wao hawakuwa upande wowote wa mkataba. Walipewa amri ya kuondoka, kila familia iende itakakopata, na mifugo yao iende wapi hakuna aliyesema. Ombi lao lilikuwa moja: kama ni kuhama, wahame pamoja, wabaki majirani wa wale waliokuwa majirani zao. Kwa hili Karen alitumia miezi yake ya mwisho nchini, akizunguka maofisini Nairobi, akitoka kwa ofisa mmoja kwenda kwa mwingine, mpaka kwa gavana. Hatimaye serikali ikakubali kuwakatia sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Ni tendo jema, nami namheshimu kwalo. Lakini fikiria lilivyokuwa: watu walioishi kwenye ardhi yao kabla ya nyumba kujengwa walihitaji mtu aliyefilisika awaombee kwa hisani kile ambacho kingepaswa kuandikwa kwenye hati tangu mwanzo.

Hadi leo mashamba yanauzwa Kenya na Tanzania yakiwa na watu ndani yake ambao karatasi haiwataji. Mnunuzi anapekua rejista ya ardhi, anakuta jina moja safi, analipa. Anapofika na tingatinga anakuta makaburi, miembe ya miaka mingi, na bibi anayesema alizaliwa pale. Wakili atamwambia kwamba sheria iko upande wake, na huenda ikawa kweli. Ila atakuwa amenunua kesi ya miaka kumi na uadui wa kijiji kizima, ilhali angekwenda kwa bibi yule kabla ya kulipa, chai moja tu ingemwonyesha yote. Rejista ipekuliwe, lakini miguu nayo itembee shambani, tena bila dalali, tena siku ambayo hukutarajiwa. Na ukikuta watu, usimwachie muuzaji kazi ya "kuwaondoa". Kwanza fahamu wanadai nini na kwa msingi gani, na kama dai lao ni la haki, ama lilipwe au uache kununua.

Nyumba iliendelea kupata wenyewe. Mwaka 1935 ilinunuliwa na Luteni Kanali Lloyd wa jeshi la Uingereza, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1954. Ikaenda kwa binti zake wawili, na mwaka 1956 kumbukumbu za manispaa zinaonyesha imehamishiwa wamiliki wengine wawili. Baada ya hapo ilikaliwa na kuachwa, ikakaliwa na kuachwa. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua, ikaikabidhi Kenya kuwa zawadi ya uhuru, na serikali ya Kenya ikaanzisha chuo cha lishe kwenye uwanja wake. Filamu ya Out of Africa ilipopigwa miaka ya themanini, idara ya makumbusho ya taifa iliitaka nyumba, na mwaka 1986 makumbusho ikafunguliwa.

Vile vipande vya ekari 20 vya Remi Martin vimekatwa tena na tena, hadi ekari tano, moja, nusu. Mawakala bado huwapeleka wanunuzi asubuhi, umande haujakauka, wakawasimamisha mahali panapoonyesha vilima. Anayepelekwa huko na aulize maji yanatoka wapi, kisima kina kina gani na kiangazi kinatoa lita ngapi kwa saa, nani alikuwa akilima pale kabla ya ukuta kujengwa, na fedha za kununulia ni za nani hasa. Kama ni za ukoo, awapigie simu wote kabla ya kushika kalamu.